Ndege Yenye Serikali Mbili

Asubuhi hiyo Shemeji alikuwa amesimama mbele ya ubao wa matangazo wa mahakama kuu, mikono nyuma, kichwa upande, kama daktari anayesoma cheti cha mgonjwa. Hakuwa na kesi yoyote pale. Kesi zilikuwa za watu. Yeye alikuwa na shida ya kula tu.

Kazi yake, kama mtu angemlazimisha kuitaja, ilikuwa kusaidia wanaohangaika. Aliketi kwenye benchi nje ya masjala, akajaza fomu za wasiojua kuzijaza, akawaonyesha milango ambayo wangeiona wenyewe wakigeuka, na akapokea chochote kwa niaba ya "mzee wa ndani", mzee ambaye hajawahi kuzaliwa. Jina la Shemeji alilipata kwa jasho lake. Kila aliyepita na viatu vizuri alipokelewa kwa mikono miwili: "Shemeji! Siku nyingi! Dada hajambo?" Na mtu, akiogopa kuonekana amemsahau ndugu wa mkewe, alisimama. Mtu akishasimama mbele ya Shemeji, kazi iliyobaki ni ndogo.

Basi macho yake yakashuka kwenye orodha ya kesi, yakafika mstari wa saba, yakagoma kuendelea. Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Maandishi yalikuwa yaleyale. *Serikali ya Jamhuri dhidi ya Serikali ya Jamhuri. Madai: ndege nne.*

Akaingia masjala. Karani, mama mmoja mpana aliyeijua sheria kuliko mawakili wengi na kulipwa kidogo kuliko madereva wao, alikuwa akichovya mkate kwenye chai.

"Dada yangu, mpiga chapa wenu kalewa? Serikali inajishtaki yenyewe?"

"Hajalewa. Ni jirani zetu hao. Vita vimeisha, zimebaki serikali mbili, jina moja."

Akamweleza kati ya tonge na tonge. Siku ile mji mkuu wa jirani ulipoanguka, wakubwa wa serikali iliyoshindwa walijazana kwenye ndege nne za shirika la taifa, wakaruka mpaka huku, wakashuka na masanduku yao, wakaingia hotelini. Ndege wakaziacha kwenye uwanja wa zamani. Serikali ya hotelini inasema ndege ni zake, kwa kuwa yenyewe bado ni serikali, ingawa nchi yake yote imebaki ghorofa ya tatu. Serikali mpya inasema ni zake, kwa kuwa imeshika ikulu, redio, na ofisi za shirika pamoja na viti vyake.

"Na serikali yetu inasemaje?"

"Yetu inasema ni rafiki wa wote."

"Maana yake?"

"Maana yake bado haijajua nani atadumu." Karani akameza. "Jaji kaweka zuio. Ndege zisiguswe mpaka kesi iishe. Mwaka wa tatu huu, kesi haijaanza. Kila tukikaa, wakili mmoja akitambulishwa kuwa anaiwakilisha Jamhuri, mwenzake anatoka nje kwa hasira. Tunaahirisha."

Shemeji alimshukuru, akamnunulia mkate wa pili, akatoka uani akitembea polepole, kama mtu aliyebeba yai. Ndege nne! Wenye nazo wawili, na hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kwenda kuziangalia.

Uwanja wa zamani ulikuwa nje ya mji: njia moja ya lami iliyoota majani kwenye nyufa, mnara mfupi wenye mwongozaji mmoja, na banda kubwa la mabati. Shemeji alifika na koti jeusi aliloazima kwa fundi cherehani, ambaye naye aliliazima bila kumwambia mteja wake. Kwapani alikuwa na faili nene. Ndani yake kulikuwa na magazeti.

Ndege tatu zilikuwa zimekaa kwa matumbo, hazina matairi, hazina vioo, zimechunwa. Ya nne ilisimama kwa miguu yake, ina mapangaboi mawili yanayong'aa. Juu ya ngazi, chini ya bawa lake, alikuwepo mwanamke wa makamo mwenye ovaroli na spana.

"Nani anahusika hapa?" Shemeji aliuliza kwa sauti ya serikali.

"Inategemea. Umekuja kudai au kulipa?"

"Mimi ni Afisa wa Mahakama. Kitengo cha Mali Zenye Mgogoro."

Mwanamke akateremka, akafuta mikono, akapokea kadi aliyopewa. Akasoma mbele. Akaigeuza, akasoma na nyuma, ambako hapakuwa na maandishi. Kisha akairudisha kwa mikono miwili.

"Karibu, mheshimiwa. Tumekusubiri miaka mitatu."

Hapo Shemeji angejiuliza, mtu anayesoma upande mtupu wa kadi anasoma nini, pengine hadithi hii isingekuwepo. Hakujiuliza. Alikuwa anafurahia kuitwa mheshimiwa.

Mwanamke yule alikuwa fundi mkuu wa shirika, na wote uwanjani walimwita Fundi. Alikuwa amebaki na mafundi wenzake watatu, na Rubani, mzee mkimya ambaye kila asubuhi alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, akapanda kwenye kiti chake ndani ya ndege ya nne, akakaa nusu saa akishikashika vitu, akashuka kwenda kunywa chai.

"Siku ile walituambia twendeni, kesho tunarudi," Fundi alieleza, huku akimwekea mgeni kopo la rangi lililogeuzwa kuwa kiti. "Hawakutaja kesho ya mwaka gani. Wa hotelini tukiwafuata wanasema sisi ni wa shirika, na shirika halina kitu. Ubalozi mpya tukienda wanasema sisi ni wasaliti, tuliwatorosha wahalifu. Hati za kusafiria hatupewi. Nchi iliyotakiwa kuzitoa bado haijaamuliwa ni ipi."

"Pole sana, mama."

"Nina binti kaolewa mbali. Kajifungua mara mbili. Namjua mjukuu wa kwanza kwa sauti ya kwenye simu. Wa pili hata kulia kwake sijakusikia." Alisema hivyo akikaza skrubu fulani kwenye meza, bila kuinua uso. "Na mwisho wa mwezi ujao uwanja unatutoa bandani."

Shemeji alitikisa kichwa kwa huzuni aliyoitunza kwa ajili ya mazishi ya watu wengine. Kisha akaelekeza kidole. "Na hii? Inaruka?"

"Mheshimiwa, mahakama imekataza."

Akamfungulia kabati la chuma. Ndani yalikuwa madaftari ya ndege, yamepangwa, kila safari imeandikwa, kila kipuri kimetajwa. Pembeni yake, ndani ya soksi safi, muhuri wa shirika.

"Bila daftari," Fundi alisema, "ndege ni bati tu. Lenye daftari ndilo lenye mwenyewe."

Shemeji aliutazama ule muhuri kama bwana harusi. Akasogeza kopo lake karibu. "Mama, mimi na wewe tungeweza kuongea kama watu wa nyumba moja."

"Si ndivyo tunavyoongea, baba?"

Akamwaga sera. Karatasi kadhaa zipigwe muhuri. Wenye uchu wapo. Yeye atawaleta mezani. Atakachopata, nusu kwa nusu. Moyoni alikuwa ameshakata tiketi ya basi ya mtu mmoja.

"Mimi mambo ya mahakama nayaogopa," Fundi alisema. "Lakini mahakama si ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi, mama."

"Basi hapo sina neno."

Alianza na Balozi wa Hotelini. Huyu alikuwa jenerali mstaafu, aliyempokea katika chumba ambacho bendera ya taifa ilitundikwa kwenye fimbo ya pazia na taulo za taifa zilikuwa na nembo ya hoteli. Shemeji alimwonyesha ukurasa wenye muhuri unaosema kwamba ndege ya nne ilikuwa zawadi kwa rais wao binafsi, siku ya kuzaliwa kwake. Ukurasa ulikuwa na harufu ya wino, lakini jenerali alikuwa na mafua.

"Na wale waasi hawajui kama karatasi hii ipo?"

"Mheshimiwa Balozi, wale ukiwaambia daftari la ndege wanadhani ni la shule."

Balozi alicheka mpaka akakohoa. Akafungua sanduku lililokuwa chini ya kitanda, moja ya yale masanduku, akatoa bahasha.

Saa mbili baadaye Shemeji alikuwa kwa Balozi Mpya, kijana aliyekuwa porini juzi tu na sasa ana jumba zima ambalo viti vyake bado vilikuwa kwenye nailoni, kwa hiyo kila mtu akikaa vililia kama bata. Huyu alionyeshwa ukurasa unaosema ndege ilinunuliwa kwa kodi ya wananchi, senti kwa senti.

"Na wale mafisadi hawajui?"

"Mheshimiwa, wale daftari la ndege wanadhani ni la baa."

Balozi Mpya hakucheka. Mapinduzi hayakuwa jambo la kuchekea. Lakini bahasha yake ilikuwa nene kidogo kuliko ya mwenzake, kwa sababu Shemeji alikuwa amemnong'oneza kwamba wa hotelini wameshafika bei.

Kila mmoja aliahidiwa jambo moja: siku moja karibuni ndege itawashwa mbele ya watu, na baada ya hapo itaelekea upande wake kimyakimya. Auone huo mwanzo, anyamaze, atabasamu.

Aliyebaki alikuwa Tani.

Tani alikuwa tajiri wa vyuma chakavu. Hakuwahi kuuliza kitu ni kizuri au kibaya; aliuliza kina uzito gani. Inasemekana alipopelekewa mchumba alimnyanyua kwanza. Alipanda mpaka bandani kwa lori lake, akagonga mbavu za ndege kwa konzi, akasikiliza.

"Mimi sinunui ndege, Shemeji. Nanunua aluminiamu. Kesi yao ikiisha watakuta majani."

"Bwana Tani, usikae kwenye aluminiamu kama mtoto. Injini hizi mbili zikiwa nzima, peke yake ni duka."

Tani akazitazama injini. Mate yalimjaa. "Zikinguruma mbele ya macho yangu, nakuletea begi zima la pesa siku hiyohiyo. Zisiponguruma, nakupa bei ya sufuria."

Begi la Tani lilikuwa kubwa kuliko bahasha zote za kidiplomasia zilizowahi kubadilishana mikono katika mji ule. Shemeji alirudi kwa Fundi mbio.

"Zitanguruma?"

"Zitanguruma. Nipatie betri mbili mpya, matairi mawili, na mafuta. Matangi yajae."

"Yajae? Kwa kunguruma dakika kumi?"

"Tangi lenye nafasi linashika unyevu, baba. Unyevu ukiingia kwenye mafuta injini inakohoa. Bwana Tani akisikia kikohozi, utapewa bei ya sufuria."

Hilo la unyevu ni kweli. Muulize fundi yeyote. Uongo wa Shemeji ulikuwa wa maneno matupu, ndiyo maana hakuwa na kinga dhidi ya mtu anayedanganya kwa ukweli. Alitoa bahasha ya hotelini kwa betri na matairi. Bahasha ya mapinduzi, na akiba yake mwenyewe ya miezi minane ya "mzee wa ndani", ziliingia kwenye gari la mafuta. Alisimama kando ya mpira ukimwaga, na kila lita aliisikia ikipita kooni mwake. Alijipa moyo kwa kuliwaza begi.

Ikabaki mahakama. Shemeji mwenyewe aliandika ombi kwa jina la mafundi, na hapa tumpe haki yake: lilikuwa ombi zuri. Alisema kwamba mashine isiyowashwa hufa. Kwamba kesi ikiisha mshindi atashinda mzoga. Kwamba basi mahakama iruhusu injini ziwashwe na ndege iviringishwe mpaka mwisho wa njia na kurudi, kupima breki. Mawakili wa pande zote mbili walisimama wakasema hawana pingamizi. Jaji alivua miwani. Kwa miaka mitatu hawajawahi kukubaliana hata juu ya tarehe.

"Nimeguswa," alisema. "Lakini siku hiyo ndege iwe mikononi mwa mtu. Nani atakuwa mtunzaji wa mali?"

Upande mmoja ulitaja jina, mwingine ukalikataa. Wa pili ukataja, wa kwanza ukatoka nje. Ndipo Fundi, aliyekaa nyuma na kitambaa safi kichwani, akamwinamia Shemeji sikioni.

"Wewe si ndiye unayeaminiwa na wote? Mtunzaji wa Mali Yenye Mgogoro. Cheo kama hicho, mwanamume gani atakikataa?"

Shemeji alijiona amesimama kabla hajaamua kusimama. Mabalozi wote wawili walimtazama, kila mmoja akajua huyu ni mtu wake, na kila mmoja akatikisa kichwa kwa heshima. Karani wa masjala alileta karatasi za kutia sahihi, naye alimtazama kwa jicho la ajabu, lakini kazi yake ilikuwa kuandika, si kuuliza.

"Jina kamili la kwenye kitambulisho," Karani alisema.

Kwa mara ya kwanza tangu utu uzima wake, Shemeji aliandika jina lake la kweli, lile alilopewa na mama yake. Akaliandika mara nne, kwenye karatasi nne, akizipindua haraka huku akimtabasamia jaji. Tatu zilikuwa za Karani. Ya nne Fundi alikuwa ameichomeka katikati alipozipokea kumsogezea mezani. Shemeji hakuisoma. Miaka kumi aliishi kwa kuwala watu wasiosoma fomu, na siku yake ilipofika alisaini kama wao, kwa mwandiko mzuri na nukta juu ya kila *i*.

Siku ya kuwasha, saa tatu asubuhi, alikuta mafundi wanapakia mizigo ndegeni.

"Hivi ni nini tena?"

"Uzito," alisema Fundi. "Ndege ikiwa tupu, ukikanyaga breki mkia unanyanyuka. Nisaidie hilo sanduku, baba, mgongo wangu hauko vizuri."

Shemeji akavua koti la mteja wa fundi cherehani, akabeba. Alibeba sanduku, akabeba godoro lililofungwa kamba, akabeba cherehani, akabeba sufuria tatu zilizoingiana na kifurushi kidogo chepesi cha nguo za mtoto.

"Na hiki nacho ni uzito?"

"Hicho ni cha kusawazisha."

Alikisukuma ndani vizuri, kisianguke.

Saa nne wageni wakaketi. Viti viliwekwa makundi mawili, yakipeana migongo, ili pasiwe na ubalozi utakaosema umeketi na mwenzake. Karani wa masjala alikaa katikati na daftari lake. Tani alisimama karibu na lori, begi kifuani. Rubani akapita mbele yao wote na shati lake jeupe, akapanda. Mafundi watatu wakapanda. Fundi alikuwa wa mwisho. Mguu wake ukiwa kwenye ngazi, akageuka.

"Asante kwa yote, baba. Mungu akuzidishie."

"Usikawie huko mwisho," Shemeji akasema. "Jua kali."

Pangaboi la kushoto likazunguka, likapiga chafya moja ya moshi, likashika. La kulia likafuata. Halafu injini zikanguruma zote, ngurumo nene, moja, isiyo na kikohozi hata kidogo, na majani ya uwanja mzima yakalala chini. Tani alifumba macho kwa utamu. Mkono wake ukaanza kufungua zipu ya begi.

Ndege ikaviringika polepole mpaka mwisho wa njia. Ikageuka. Ikasimama ikitetemeka, kwa muda wa mtu kuvuta pumzi.

"Sasa inarudi," Shemeji aliwatangazia wageni kwa fahari ya mwenye mali.

Ikarudi kweli. Ilirudi kwa kasi, ikapita mbele yao huku kofia ya jenerali ikipeperuka, na pale ilipotakiwa kupima breki ikanyanyua pua. Magurudumu yake mapya yakaachana na lami taratibu. Ikapita juu ya uzio, juu ya mnara ambako mwongozaji alionekana amejishika kichwa, ikalala upande mmoja kugeuka, na jua likaangaza bawani mwake.

Balozi wa Hotelini aliruka kitini akapiga makofi. Balozi Mpya naye aliruka akapiga makofi. Walipiga makofi kwa nguvu, migongo yao ikiwa imepeana, mpaka kila mmoja akasikia kwamba kuna mwingine anayepiga. Wakageuka. Makofi yakapungua, yakafa.

Katika kimya kile Shemeji alisikia sauti moja tu, na hiyo hataisahau: zipu ya begi la Tani, ikifungwa.

"Shemeji," Tani aliuliza kwa upole, "inarudi saa ngapi?"

Karani wa masjala alitazama saa yake, akaandika kwa mwandiko wa kiserikali: *Saa nne na dakika ishirini na tatu, mali yenye mgogoro imeondoka kuelekea mashariki.* Akapiga mstari chini yake.

Shemeji alijaribu kuondoka kuelekea magharibi. Hakufika mbali. Mlinzi wa ubalozi mmoja alimshika mkono wa kulia na mlinzi wa ubalozi wa pili mkono wa kushoto, na walipokuwa wakimrudisha walijikuta wanatembea mguu sawa. Hilo lilikuwa tendo la kwanza la pamoja la Jamhuri tangu vita viishe.

Baada ya siku sita ikaja barua ya kidiplomasia kutoka nchi ya mbali, nchi ile alikoolewa binti wa Fundi. Ilisema kwa adabu kubwa kwamba ndege isiyo na kibali imetua kwao, imekaa mahali pa ndege ya rais wao, na haitoki. Wanaomba kumjua mwenyewe ili aje ajibu na kulipa faini.

Kwa miaka mitatu serikali mbili zilikuwa zimepiga kelele usiku na mchana kwamba ndege ni yetu. Siku hiyo zote mbili ziliandika, karibu kwa maneno yaleyale, kwamba si yetu.

Kesi iliyoshindwa kuanza miaka mitatu iliisha kabla ya chakula cha mchana. Kila wakili alisema mteja wake hahusiki. Jaji alizikagua kurasa zote mbili zenye muhuri, ile ya zawadi na ile ya kodi, akaziona zote ni za uongo, na ajabu ni kwamba pande zote zilikubali haraka kuwa ni za uongo. Ikabaki karatasi moja iliyotumwa pamoja na barua ile kutoka mbali. Ilikuwa na sahihi ya kweli, ya jina la kweli. Ilisema kwamba mimi niliyetia sahihi, nikiwa na mamlaka yote juu ya ndege hii, nawaagiza Fundi na wenzake waipeleke mahali salama, waifanyishe kazi, na wachukue kipato chake chote badala ya mishahara yao ambayo hawakulipwa.

"Hii ni sahihi yako?" jaji aliuliza.

Shemeji aliitazama. Hakuwahi kuona mwandiko wake ukiwa mzuri hivyo. "Mheshimiwa, sikusoma."

Ukumbi mzima ulicheka, na walio nyuma, wale wa benchi la nje ya masjala, walicheka kwa muda mrefu kuliko wengine.

Hukumu ilikuwa fupi. Kwa kuwa hakuna mwingine anayeitaka, na kwa kuwa yeye peke yake ameisaini, mahakama inamtambua mshtakiwa kuwa mmiliki halali wa ndege, pamoja na faini zake zote ndani na nje ya nchi. Fundi na wenzake walikuwa wafanyakazi waliotii amri ya mwenye mali. Kwa hila alizowafanyia mabalozi, mshtakiwa atakaa ndani miaka miwili.

Nje, kwenye ngazi za mahakama, mabalozi walijikuta wanasubiri magari yao mahali pamoja. Mmoja alisema jua kali. Mwenzake akasema kweli. Wapiga picha wakawahi, mabalozi wakashikana mikono, na kesho yake magazeti yakaandika kuhusu mwanga wa amani. Ilisemekana baadaye kwamba wa hotelini walisamehewa wote, wakarudi kwao, wakapewa vyeo. Mafundi hawakutajwa kwenye msamaha. Lakini Karani wa masjala, aliyekuwa na jamaa anayefanya kazi ya mizigo ya ndege, alisikia kwamba kule mbali kuna ndege ya mapangaboi mawili inayobeba barua na dawa kwenda visiwani, rubani wake mzee ana shati jeupe, na fundi wake hufunga kazi saa tisa kamili kwa sababu ana wajukuu wa kuwachukua shule.

Mwezi wa pili gerezani, Shemeji alipata mgeni. Alikuwa Tani, amemletea sabuni na sukari.

"Sina kinyongo," Tani alisema. "Hukunila kitu. Ulinionyesha sinema bure."

Shemeji akashika wavu wa chuma uliowatenganisha kwa mikono miwili, macho yakiwaka. "Bwana Tani, nisikilize. Sasa ni yangu. Naapa. Nina hukumu, ina muhuri wa jaji, hii hapa, soma. Chukua ndege nzima, injini zote mbili ni nzima, ulizisikia mwenyewe. Kwa bei ya sufuria! Nilipie faini tu."

Tani alimtazama. Uso wake ulianza kutikisika kutoka kidevuni, kicheko kikapanda, kikamshinda, akaishika meza.

"Wewe mtu! Mpaka humu ndani?"

"Ni kweli, ndugu yangu! Safari hii ni kweli!"

Tani alitoka akifuta machozi. Langoni alisimama kumwonya askari wa zamu kama raia mwema.

"Mwangalieni sana yule wa chumba cha mwisho. Sasa hivi kajaribu kuniuzia ndege."

"Afadhali wewe," alisema askari, akimfungulia lango. "Mimi juzi alinikatia bawa moja, nilipe kidogokidogo."